Karuho Iliyokuwa Nyuma ya Gunia

Mbwa wetu wa kwanza aliitwa Watasema. Jina alipewa na mume wangu, mwaka ule tulipojenga ukuta na majirani wakaanza kutuhesabia matofali. Hapa Bukavu jina la mbwa ni ujumbe: ukimwita kwa sauti jioni, wahusika wanasikia. Kwa hiyo asubuhi Watasema alipoamka damu ikimtoka puani, hakuna aliyeuliza anaumwa nini. Tulisema ni karuho. Na mwenye karuho tulimjua kwa jina.

Kwa msomaji wa mbali: karuho ni ile sumu ya polepole inayoogopwa huku Kivu, inayosemwa hutiwa kwenye kinywaji cha mtu ikamkausha taratibu hadi kaburini. Wapo waganga wanaoishi kwa kuitibu, na wapo watu waliopigwa kwa kushukiwa tu kuwa nayo. Kwa siku mbili sikumwamkia jirani yangu. Binti yake alipokuja kutupa pole, nilimpokelea mlangoni.

1. Sumu ya panya haina haraka

Veterineri aliinua mdomo wa Watasema kwa kidole gumba. Fizi zilikuwa nyeupe kama unga, na pale alipomchoma sindano damu ilitiririka bila kuganda.

"Mama, panya mlitega lini?"

Nikamwambia sisi hatutegi panya, sisi tuna adui. Akarudia swali lile lile, kwa sauti ile ile.

Ndipo nikakumbuka. Jumapili iliyotangulia, mvua za Novemba zikiwa zimewasukuma panya ndani, nilinunua vidonge vya rangi ya waridi pale soko la Kadutu nikavisukuma nyuma ya gunia la unga wa fufu. Unga ukaisha, binti yangu akalikung'uta gunia na kulikunja. Vidonge vikabaki wazi sakafuni, vinanukia nafaka. Sumu hiyo hutengenezwa ndani ya chambo kitamu, na anayekipenda si panya peke yake.

Dawa za panya za aina hii huuzuia mwili kuitumia tena vitamini K, na bila hiyo ini haliwezi kutengeneza vitu vinavyogandisha damu. Akiba iliyopo hudumu siku chache. Ndiyo maana mbwa hula leo, akabweka kesho, akacheza keshokutwa, na siku ya tatu hadi ya tano anaanza kuvuja damu kifuani, tumboni, puani. Kufikia hapo hakuna anayekikumbuka chambo, ila ugomvi wa ukuta kila mtu anaukumbuka. Tiba ipo, ni vitamini K1, na hutolewa kwa wiki kadhaa. Sindano moja haitoshi. Akiwahishwa kabla damu haijaanza kutoka, kwa kawaida hupona. Watasema alikufa usiku wa siku ya pili tangu aanze kutoka damu.

2. Karatasi ya dawa usiitupe

Swali la pili la veterineri lilikuwa jina la dawa, nami sikuwa nalo. Sokoni dawa nyingi za panya na wadudu huhamishiwa kwenye vifuko vidogo vya plastiki, bila maandishi, na muuzaji hukuambia kwa kiapo kwamba hata paka hadhuriki. Kumbe zinatofautiana kama usiku na mchana. Ile ya waridi hutibiwa kwa vitamini K1. Ule unga wa kijivu unaokaribia weusi mara nyingi ni fosfidi ya zinki: ukikutana na asidi ya tumboni hutoa gesi yenye harufu ya kitunguu saumu kilichooza au samaki aliyevunda, na mbwa akitapika ndani ya nyumba, fungueni madirisha mtoke, kwa kuwa gesi hiyo hudhuru hata watu. Dawa za wadudu wa shambani nazo zina dalili zao: mate yanamwagika, mwili unatetemeka, mboni za macho zinakuwa ndogo kama kichwa cha pini. Kundi hilo lina dawa yake, atropini, ambayo kwa damu inayovuja haisaidii kitu.

Siku hizi nikinunua chochote cha kuua, naomba nione pakiti kilikotolewa na kuipiga picha kwa simu. Wauzaji wananicheka. Wacheke.

3. Mawese, maziwa na makala

Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu tulilifanya kwa upendo. Kabla ya kumpeleka Watasema kwa veterineri tulikuwa tumempanua mdomo na kumnywesha nusu chupa ya mawese. Mama mkwe alisema mafuta huteremsha sumu. Hata watoto wa zamani walipona hivyo. Jirani wa upande wa pili akaleta maziwa. Mtu mwingine, simtaji kwa kuwa ni mume wangu, alisaga makala ya jikoni akayakoroga kwenye maji ya chumvi.

Veterineri alinieleza haya yote bila kunigombeza, nami nikaona haya zaidi kuliko kama angenigombeza. Mafuta hayaifuti sumu. Zipo sumu zinazoyeyuka katika mafuta, na hizo unazisaidia kuingia mwilini. Mbwa dhaifu akinyweshwa kwa nguvu, sehemu huingia mapafuni, na hapo umemwongezea ugonjwa. Maziwa ni chakula tu. Chumvi nyingi ni sumu kwa mbwa, huvuruga ubongo hadi degedege. Na mkaa wa hospitali, ule unaofyonza sumu, umepitishwa kwenye moto na mvuke mpaka ukawa na vitundu visivyohesabika. Makala ya jikoni hayana kazi hiyo.

Kumtapisha nako kuna masharti. Aliyekunywa mafuta ya taa, asidi ya betri au ile soda kali ya kutengenezea sabuni hatapishwi kamwe, maana kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda, na mafuta ya taa huingia mapafuni kwa urahisi. Anayetetemeka au aliyezimia hatapishwi. Kinachosaidia ni kumwondolea kilichobaki, kumpigia veterineri simu, na kumwambia saa, kiasi, na uzito wa mbwa.

4. Kitunguu, hata kilichopikwa

Tuone alikuja mwaka uliofuata, mtoto wa mbwa wa rangi ya udongo kutoka Walungu. Jina nililitoa mimi. Alipofikisha kilo 12 tulikuwa na ubatizo nyumbani, na shemeji yangu, mwenye mkono wa ukarimu, alimmiminia sufuria nzima ya mabaki ya sambaza: samaki wachache, vitunguu vingi, mafuta ya kutosha. Aliramba mpaka sufuria ikang'aa. Siku ya nne mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai kavu, na ufizi umeanza kuwa manjano.

Kitunguu kina vitu vya salfa vinavyoharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Moto hauviondoi, kukausha hakuviondoi. Gramu 15 hadi 30 kwa kila kilo ya mwili zinatosha kuleta madhara, maana yake kwa Tuone vitunguu viwili vya kawaida vilikuwa hatari. Kitunguu saumu kina nguvu zaidi, nacho ndicho watu humpa mbwa eti kumtoa minyoo! Tuone alipona kwa kupumzishwa na kuchungwa chakula, na shemeji hadi leo akija huuliza kwanza: "Huyu anaruhusiwa nini?"

5. Vidonge vya familia

Bukavu huwezi kutembea dakika tano bila kupita duka la dawa, na kila nyumba ina mfuko wa vidonge vilivyobaki. Mbwa akichechemea, mtu anamwonea huruma. Ibuprofeni humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo, paracetamoli humchoma ini, na diklofenaki haina huruma zaidi. Hakuna cha kuongeza hapa: dawa yako usimpe.

6. Vitu vya sikukuu

Dada yangu anayeishi Brussels huleta chokoleti nyeusi, na siku hizi tunayo pia ile ya Virunga inayotengenezwa Mutwanga kwa kakao ya huko. Kipande cha gramu 100 cha chokoleti nyeusi kina takriban miligramu 500 za theobromini. Kwa mbwa wa kilo 10 hiyo ni miligramu 50 kwa kilo, kiasi cha kumpeleka moyo mbio na kumtetemesha, kwa sababu mwili wake huitoa taratibu mno. Kasiksi nayo, pombe yetu ya ndizi, hata ule mchuzi wa chini ya mtungi, humlevya mbwa haraka kuliko mjomba yeyote. Zabibu kavu za keki zinaweza kumuua figo, na hakuna anayeweza kukuambia ni punje ngapi.

Avoka, ambazo watu wengi huniuliza, zimeonewa kidogo. Mbuzi, sungura na ndege ndio wanaodhurika vibaya na mti ule. Kwa mbwa cha kuogopa zaidi ni kokwa, ambayo humezwa nzima ikaziba utumbo.

7. Maua ya Muhumba

Bustani za nyumba za zamani kule Muhumba na Nguba ni nzuri, na nusu ya uzuri huo ni sumu. Yale maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta humchanganya mbwa akili na kumkausha mdomo. Lorie-roze, yaani oleanda, huusimamisha moyo. Mbegu za mbarika zenye madoa, mbwa akizitafuna, ni mbaya kuliko zote. Akizimeza nzima anaweza kuponea hapo. Sikung'oa kitu kwangu isipokuwa mbarika, kwa sababu Tuone ana tabia ya kutafuna.

Wiki mbili baada ya Watasema kuzikwa nilikwenda kwa jirani yangu, nimebeba vidonge vya waridi vilivyobaki ndani ya kopo, nikamweleza. Alivitazama kwa muda, akaniambia, "Mama, hata mimi ninavyo, viko chini ya kitanda." Tukaenda kuvitoa pamoja.

Tuone sasa ana miaka sita. Tukivuka Ruzizi kwenda Kamembe, jirani huyo ndiye anayebaki akimlisha, na vitunguu humtolea kimoja kimoja kwa kijiko.