Anza kuhesabu saa ya kurudi

Wadogo zangu, likizo ikikaribia, swali huwa lile lile: "Dada, tukikodi gari siku moja pale Tanga mjini, tutauwahi msitu na bahari?" Mtawahi. Piteni Muheza mpande Amani, mkishuka mwelekee Pangani, kisha mrudi Tanga kwa njia ya pwani kupitia Kigombe. Ila safari hii ipangeni kuanzia mwisho.

Jua likizama saa kumi na mbili na kitu jioni, giza halikawii. Basi saa kumi na moja muwe mmeshaiaga Pangani. Ili hilo liwezekane, saa sita mchana muwe mnateremka Amani, na saa kumi na moja alfajiri gari liwe limewashwa. Atakayesema "tunywe chai kwanza", chai yake itiwe kwenye chupa.

Muheza jazeni mafuta na mnunue machungwa, maana ndiko kwao. Wekeni pesa kwenye simu hapo hapo. Viingilio vya hifadhi hulipwa kwa namba ya malipo, na huko juu mtandao hukatika. Bebeni sweta. Amani iko kama meta 900 juu ya usawa wa bahari.

Kwenye geti la Sigi chukueni mwongozaji, msione uchungu wa pesa. Peke yenu mtaona majani tu. Yeye atawaonyesha vinyonga, na miti ya bustani ambayo Wajerumani waliianzisha mwaka 1902, miaka mingi kabla Amani haijawa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Mwombeni awaonyeshe pia Saintpaulia, kiua cha zambarau kinachoota kwenye mawe yenye kivuli. Kilitoka milima hii hii ya Usambara kikaenda kulelewa kwenye vyungu vya madirishani Ulaya. Nawasihi mkione kwao, na msikichume hata kimoja.

Wewe unayeshika usukani, nisikilize vizuri. Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na udongo ule ukilowa unateleza. Teremka kwa gia ya pili. Ukikanyaga breki mlima mzima zitachemka. Kila kona piga honi. Abiria, msimharakishe.

Pangani msikimbilie kuogelea tu. Tembeeni mitaa ya zamani, simameni mto unapoingia baharini, kuleni samaki. Kila mmoja awe na kanga ya kujifunga akitoka majini, kwa kuwa ule ni mji wa watu wenye heshima zao. Na kabla ya kumpiga mtu picha, salimia, omba, subiri jibu.

Sasa lililo zito. Mkifika Muheza mmeshuka mlimani na saa tisa imepita, Pangani iacheni. Najua mtanung'unika, mmechanga pesa na mmeahidiana bahari. Lakini dereva aliyechoka, gizani, kwenye barabara asiyoijua, ni hatari kwenu na kwa mtoto wa mwenzenu anayevuka barabara. Mwachieni mtu wa nyumbani ratiba yenu na namba ya gari. Na mkisikia mvua imenyesha usiku kucha milimani, ahirisheni. Dada hatawaita waoga. Atawasaidia kupanga siku nyingine.