Somo: Kupunguza Ukubwa wa Slaidi Zenye Picha Nyingi

Wahudumu wa afya ya jamii, walimu na viongozi wa vijana wengi hufundisha kwa slaidi. Picha ni nzuri, hasa kwa wasiojua kusoma. Lakini faili likiwa kubwa mno halitumiki: bando linaisha, kompyuta ya zamani inakwama, na Gmail haikubali kiambatisho kinachozidi megabaiti 25. Kipindupindu kinaweza kuua mtu ndani ya saa chache. Somo lake lisikwame njiani.

Kwa nini faili linakuwa kubwa?

Maandishi huchukua nafasi ndogo sana. Mzigo ni picha. Kamera ya megapikseli 12 hutoa picha yenye nukta 4,000 kwa 3,000, yaani milioni 12. Projekta nyingi za zamani huonyesha nukta 1,024 kwa 768 tu, ambazo hazifiki 800,000. Zinazobaki unazibeba bure. Picha 20 za megabaiti 4 kila moja ni megabaiti 80. Kuivuta picha iwe ndogo kwenye slaidi hakusaidii, kwani picha nzima bado imo ndani ya faili.

Fanya hivi:

1. Hifadhi nakala kwa jina jingine. Faili la asili usiliguse.
2. Futa picha zisizofundisha kitu.
3. Kwenye PowerPoint, bofya picha yoyote, fungua Picture Format, kisha Compress Pictures. Ondoa alama kwenye Apply only to this picture ili picha zote zibanwe.
4. Weka alama kwenye Delete cropped areas of pictures.
5. Chagua 150 ppi. Inatosha kwa projekta.
6. Hifadhi, kisha linganisha ukubwa wa faili jipya na la zamani.

Kama unatumia LibreOffice Impress, fungua Tools, kisha Minimize Presentation, na ufuate maelekezo.

Kubana faili kwa zip hakusaidii sana, kwa sababu faili la pptx tayari limebanwa kwa njia hiyo.

Zingatia siri ya mgonjwa

Hatua ya 4 si ya kuokoa nafasi tu. Ukikata uso wa mgonjwa kwenye slaidi, sehemu uliyokata hubaki imefichwa ndani ya faili. Anayepokea anaweza kuirudisha na kumtambua jirani yake. Kwa hiyo omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na ikiwezekana kata picha kwenye simu, kisha weka kwenye slaidi nakala iliyokatwa.

Usibane kupita kiasi

Vipimo vilivyo ndani ya picha vinaweza kufifia. Viandike kwa maandishi ya kawaida. Mfano, pale ambapo pakiti za ORS hazipatikani: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 na chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vijiko vya kusawazishwa. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Kabla ya kutuma, fungua slaidi, simama hatua kadhaa nyuma, na uone kama zinasomeka.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kuipunguza picha kwa kuivuta hakupunguzi faili?
2. Uso uliokatwa kwenye slaidi unabaki wapi?
3. Kwa nini vipimo viandikwe nje ya picha?