Dondoo muhimu: Kuipima safari ya Nairobi na New York

Msafiri atakaye kuyajua masafa yaliyo baina ya Nairobi na New York asiyapime kwa rula juu ya ramani ya ukutani, kwani dunia ni tufe. Na anyooshe uzi juu ya tufe la darasani, naye ataiona njia ikishika kaskazini magharibi, ikikata Sahara, kisha bahari ya Atlantiki, kadiri ya kilomita 11,800. Ndege ya moja kwa moja, iliyoanza safari hiyo Oktoba 2018, huchukua takribani saa 15 kwenda. Kurudi hupungua kama saa moja, kwa kuwa pepo za juu huvuma kutoka magharibi.

Tiketi huandika wakati wa kila mji kwa saa za mji huo. Ndege iondokayo 23:00, yaani saa tano usiku, ikafika 06:00, haikuruka saa 7: New York iko nyuma kwa saa 8 majira ya baridi, na 7 majira ya joto, nazo sharti ziongezwe.

La kuhadhari zaidi ni usiku wa manane. Tiketi isemayo 00:30 Jumatano yamtaka abiria awe uwanjani Jumanne saa tatu usiku, usiku ambao wazee wa pwani, wahesabuo siku tangu kuchwa kwa jua, huuita usiku wa Jumatano (na hapa, ajabu, wao ndio waafikianao na tiketi). Angojaye magharibi ya Jumatano ataambiwa ndege yake ilikwisha kutua.