Namna ya kulimudu neno "lead"

Kijana wa Bukiriro husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, nyumbani anaongea Kihangaza, kisha akiingia kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Maneno marefu hayamponzi sana, kwa sababu huyaogopa na kuyatafuta kwenye kamusi. Yanayomponza ni mafupi anayodhani anayajua, kama "lead".

Usikariri orodha ya maana zake. Jiulize kwanza: hapa linatajwa madini ya risasi, au la? Kama ni madini, tamka "led", kwa ufupi. Kama si madini, vuta irabu: "liid". Betri ya sola iliyoandikwa "lead-acid" ni "led", maana ndani mna sahani za risasi. Pampu iliyoandikwa "unleaded" vilevile: ni petroli isiyotiwa risasi. Ncha ya penseli nayo ni "led", ingawa ni grafaiti na udongo, wala haina risasi hata chembe. Kosa hilo limo hata katika Kiswahili chetu: kalamu ya risasi.

Ukishajua si madini, tazama neno linalofuata. Likifuata jina la mtu au kundi, ni kuongoza. Ikifuata "to" na mahali, ni kwenda: "This road leads to Rusumo", barabara hii inakwenda Rusumo. Lakini "to" ikifuatwa na tukio au hali, maana ni kusababisha: "Malaria can lead to anaemia", malaria inaweza kusababisha upungufu wa damu. Hapa pashikilie sana, kwa sababu mitihani ya sayansi na historia huuliza sababu na matokeo kila mara, na anayesoma "kuongoza" atajibu swali ambalo hakuulizwa.

Mtego mkubwa uko kwenye wakati uliopita. "Read" hubaki na herufi zilezile, sauti ikageuka "red". Wengi huifuata njia hiyo na kuandika "lead" wakimaanisha "aliongoza". Sahihi ni "led", bila a, na sauti yake ni ileile ya madini. Andika jozi hizo mbili pamoja kwenye daftari: read–read, lead–led.

Kwenye kamusi, alama mfano wa nukta mbili baada ya irabu inakuambia uivute. Sikio la Mhangaza halianzi sifuri katika kutofautisha maneno kwa sauti. Kirundi, ndugu wa Kihangaza, kinaandika "inda" kwa tumbo na kwa chawa pia. Sauti ndiyo inayotenganisha.

Kwa mazoezi, msomee mwenzako "He led us to the lead mine", yeye aandike bila kutazama. Kisha mbadilishane.