Ugaidi na Madhara Yake kwa Nchi

Katika darsa yetu ya hapa Sarang'ombe, mzee mmoja alisimama akasema: "Sheikh, jambo la ugaidi tuliwache. Sisi hatukuua mtu, na tukilizungumza tutakuwa kama tuliojishitaki wenyewe." Wengi waliitikia kwa vichwa. Nami nalimsikiliza kwa adabu, maana umri wake ni wa baba yangu, lakini sikuafikiana naye. Sababu zangu naziandika hapa, mpate kuzipima nyinyi ndugu zetu wa Mombasa, Malindi, Lamu na kwengineko mnaosoma karatasi hii.

Kwanza yataka tulijue neno lenyewe. Gaidi katika Kiswahili chetu ni mnyang'anyi, mtu wa kuvizia njiani. Na wanavyuoni wa fiqhi wanao mlango wake khasa, waitao hiraba, nao ni kuwatokea watu kwa silaha, kuwatisha na kuwakatia njia. Adhabu yake ni katika zilizo kali kabisa, na imetajwa katika Suratul Maida. Basi asemaye kuwa vitabu vyetu vimelinyamazia jambo hili, hakuvifungua.

Tarehe 7 Agosti 1998 lori lenye mabomu liliripuka nyuma ya ubalozi wa Marekani katikati ya Nairobi, na kwa tafauti ya dakika chache tu likaripuka jengine Dar es Salaam. Waliokufa Nairobi ni 213, na Dar es Salaam 11. Waliofanya hayo walidai kuwa wanapigana na Marekani. Natuhisabu basi. Katika wale 213, Wamarekani walikuwa 12. Waliobaki karibu wote ni wenyeji: makarani, wapita njia, watu waliokuwa ndani ya jumba la Ufundi lililoporomoka. Maelfu walijeruhiwa, na wengi wakapofuka, kwani walisikia kishindo cha kwanza wakakimbilia madirishani kutazama, kisha bomu likaripuka na vioo vikawaingia machoni. Mtu akinionyesha fatwa ya kuhalalisha macho ya karani yule, nitaisoma.

Na khasara haikomei makaburini. Baada ya watu 67 kuuawa Westgate mwezi wa Septemba 2013, na mashambulio mengine yaliyofuata, makampuni ya watalii ya Uingereza yaliwaondoa wageni wao Mombasa kwa ndege mwezi wa Mei 2014. Yaliyokuja baadaye mwayajua nyinyi kuliko mimi: hoteli zilifungwa, na mpishi, dobi, mchonga vinyago na dereva wa teksi wakarudi majumbani mikono mitupu. Lamu, baada ya mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014, iliwekwa amri ya kutotoka usiku, na mvuvi ambaye samaki wake ni wa usiku akakaa barazani akiutazama mwezi. Chuo Kikuu cha Garissa, walipouawa watu 148 tarehe 2 Aprili 2015, kilifungwa hata Januari 2016. Ni eneo lililokuwa na upungufu wa elimu tangu zamani, na mlango wake mkubwa ndio uliofungwa.

Ama siasa, serikali iliyoshikwa na khofu hupiga bila kutazama. Aprili 2014 maelfu walikamatwa Eastleigh, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Desemba mwaka huo Bunge lilipitisha sharia ya usalama katikati ya vurugu, na Februari 2015 Mahkama Kuu ikavifuta vifungu 8 vyake. Hapa Kibera, Mnubi ambaye babu yake aliletwa kuwa askari wa Mwingereza zaidi ya miaka mia iliyopita, mwanawe alikuwa akienda kutaka kitambulisho huitwa kwanza mbele ya kamati kuulizwa asili yake. Jambo hilo lilianza kabla ya mabomu, lakini mabomu yaliwapa wenye kulipenda udhuru mpya. Nasema wazi, hata kama litawachukiza baadhi ya wasomaji: dhulma ya askari haihalalishi dhulma ya gaidi, wala ya gaidi haihalalishi ya askari. Kamatakamata humpa gaidi kile kile alichokuwa akikitafuta, nacho ni kijana mwenye uchungu.

Sasa narudi kwa mzee wetu. Yuko mama hapa mtaani ambaye mwanawe aliondoka, na yasemwa kuwa alivuka kwenda Somalia. Hawezi kupewa taazia, kwani hajui kama mwanawe ni hai au maiti. Hawezi kwenda kituoni kuuliza, kwa khofu ya nduguze waliobaki. Na nyumba zetu zimegawanywa kwa bati tu; ukikohoa, jirani akwambia pole. Basi mama huyu hulia na redio imefunguliwa.

Kijana huyo alikuwa akikaa katika darsa yangu. Siku moja aliniuliza juu ya jihadi, nikamwambia asome kwanza mlango wa tohara, hayo mengine si ya umri wake. Nalikuwa na haraka, na kwa kweli naliogopa nani atasikia. Akaenda kumtafuta wa kumjibu, akampata.

Gaidi ataka tutengane, huku Waislamu na huku wasiokuwa Waislamu. Novemba 2014 karibu na Mandera, Al-Shabaab walilisimamisha basi, wakawatenga abiria, wakawaua 28. Desemba 2015 wakalisimamisha jengine upande ule ule, wakawaamuru Waislamu wajitenge. Hawakukubali. Wanawake waliwavisha wenzao Wakristo mitandio yao, na watu wakasema: tuueni sote au mtuwache. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile, akafa Januari 2016. Khabari hii niliisimulia katika darsa, na yule mzee hakusema neno, ila aliniomba niirudie.

Ijumaa ijayo, inshaallah, tutaanza kuusoma mlango wa hiraba. Mwenye suala na aliandike kwenye karatasi bila ya jina, aliweke ndani ya kikapu kilicho mlangoni. Yote yatasomwa mbele ya watu.