Maumivu ya Koo kwa Mtoto na Afya ya Moyo Wake

Magonjwa ya moyo yanapotajwa, fikra za wengi huelekea kwa watu wazima wenye shinikizo la juu la damu, kisukari au unene uliokithiri. Fikra hiyo ni sahihi, ila haijakamilika. Upo ugonjwa wa moyo unaoanza utotoni, usioletwa na chumvi wala mafuta, bali na maumivu ya koo ambayo hayakutibiwa ipasavyo. Ugonjwa huo huitwa ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi.

Duniani zaidi ya watu milioni 40 wanaishi na ugonjwa huu, na zaidi ya laki tatu hufariki kila mwaka. Wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, zikiwamo za Afrika. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi wanachama kuongeza juhudi za kuudhibiti. Habari njema kwa mkazi wa kata ni kwamba ugonjwa huu unazuilika, na kinga yake huanzia katika kituo cha kutolea huduma kilicho karibu naye.

Namna ugonjwa unavyoanza

Maumivu mengi ya koo husababishwa na virusi na hupona yenyewe. Mtoto wa namna hiyo aghalabu huwa na mafua, kikohozi au sauti iliyokauka. Baadhi ya maumivu ya koo, hata hivyo, huletwa na bakteria aitwaye streptokokasi. Hapo mtoto hupata maumivu ya ghafla, homa, na shida ya kumeza. Koo huwa jekundu, mafindofindo huvimba na pengine kuwa na madoa meupe ya usaha, na tezi zilizo chini ya taya huuma zinapoguswa. Mara nyingi hana kikohozi. Watoto wa umri wa miaka 5 hadi 15 ndio wanaopatwa zaidi.

Mwili hujikinga kwa kutengeneza askari wa kupambana na bakteria huyo. Kwa baadhi ya watoto, askari hao hukosea: hushambulia pia viungo vya mwili wenyewe, kwa kuwa vina mfanano na bakteria. Hali hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi, na kwa kawaida hujitokeza wiki 2 hadi 4 baada ya koo kuuma. Kwa sababu koo limekwisha kupona, wazazi wengi hawaoni uhusiano wa mambo hayo mawili.

Dalili za homa ya baridi yabisi

Dalili iliyo wazi zaidi ni maumivu na uvimbe wa maungio makubwa, yaani magoti, vifundo vya miguu, viwiko na vifundo vya mikono. Maumivu hayo huhama: leo goti, kesho kiwiko. Si kila maumivu ya miguu kwa mtoto ni ya kukua au ya kucheza mpira. Mtoto anayechechemea huku akiwa na homa anapaswa kupimwa.

Baadhi ya watoto, hasa wasichana, hupatwa na mtikisiko wa mikono, miguu na uso wasioweza kuuzuia. Mwandiko huharibika, vyombo huwaponyoka, na hasira au kilio huja bila sababu. Watoto wa namna hiyo wamewahi kuadhibiwa kwa utundu au kudhaniwa kuwa wamerogwa, ilhali ni wagonjwa.

Dalili za maungio na mtikisiko hupita bila kuacha ulemavu. Moyo ndio usiosamehe. Ndani yake mna vali, yaani milango midogo inayofunguka na kufunga ili damu iende upande mmoja tu. Homa hii huzivimbisha vali hizo, na kila inaporudi huziacha na makovu zaidi. Hatimaye vali hushindwa kufunga vema na damu hurudi nyuma, au hukakamaa na damu ikakosa njia ya kutosha.

Athari za baadaye

Mgonjwa anaweza kuishi miaka mingi bila kujua lolote. Kisha huanza kuchoka upesi, kuishiwa pumzi anapopanda kilima, kushindwa kulala chali, na kuvimba miguu. Kwa wanawake, ugonjwa mara nyingi hugundulika wakati wa ujauzito, kwani damu mwilini huongezeka sana na moyo wenye vali mbovu huelemewa. Mjamzito anayekosa pumzi kupita kiasi asiambiwe kuwa ni hali ya kawaida kabla ya kupimwa moyo. Vilevile, damu inaweza kuganda ndani ya moyo na kusababisha kiharusi kwa kijana.

Vali iliyoharibika vibaya huhitaji kurekebishwa au kubadilishwa kwa upasuaji. Nchini Tanzania huduma hiyo hutolewa na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyopo Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Upasuaji huokoa maisha, lakini hauufuti ugonjwa. Aliyewekewa vali ya chuma hulazimika kutumia dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote na kupimwa damu mara kwa mara. Dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hivyo msichana aliyewekewa vali hiyo huhitaji ushauri wa daktari kabla ya kushika mimba. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta huu ni wa gharama kubwa.

Kinga ya kwanza: kutibu koo

Penisilini ikitolewa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma huzuia homa ya baridi yabisi. Tiba hiyo inaweza kuwa sindano moja ya penisilini ya muda mrefu, au vidonge vinavyomezwa kwa siku 10. Wengi hukosea hapa: mtoto akipata nafuu siku ya tatu, vidonge huwekwa kabatini kwa ajili ya safari nyingine. Bakteria hubaki, na hatari hubaki pia. Kadhalika, kununua vidonge viwili vitatu dukani bila kupimwa si tiba.

Kukata kimeo hakutibu maumivu ya koo wala kikohozi, na huweza kusababisha kutokwa damu nyingi na maambukizi makali. Maji ya chumvi na asali hupunguza maumivu tu, hayamuui bakteria. Mtoto aliyewahi kudhurika na penisilini atajwe mapema kwa mtoa huduma ili apewe dawa nyingine.

Kinga ya pili: sindano za kila mwezi

Aliyekwisha kuugua homa ya baridi yabisi yumo katika hatari kubwa ya kuugua tena. Kwa hiyo huchomwa penisilini ya muda mrefu kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka mingi, mara nyingi hadi utu uzima. Wakati huo wote anaweza kuwa anajisikia mzima kabisa. Ndiyo sababu wengi huacha. Sindano inauma, kituo kiko mbali, na mtoto haonekani kuumwa. Lakini haichomwi kwa ajili ya maumivu ya leo. Inalinda vali zisipate kovu jingine. Maumivu yake hupungua ikichomwa taratibu, na mtoto ale na kunywa maji kabla ya kuchomwa. Ambaye moyo wake umedhoofika sana afuate maelekezo ya daktari kuhusu aina ya dawa inayomfaa.

Wajibu wa kaya, shule na kijiji

Bakteria huyu huenea kwa urahisi palipo na msongamano. Katika nchi za Ulaya ugonjwa ulianza kupungua makazi yalipoboreshwa, hata kabla ya penisilini kupatikana. Madirisha ya kupitisha hewa, watoto kutorundikana kitanda kimoja, na kunawa mikono ni sehemu ya kinga.

Watoto wa shule wamekwisha kuvuka umri wa kliniki ya kupimwa kila mwezi, hivyo anayewaona kila siku ni mwalimu. Mwalimu akimwona mwanafunzi anayechechemea, anayeachwa nyuma na wenzake katika michezo kwa kukosa pumzi, au ambaye mwandiko wake umeharibika ghafla, awajulishe wazazi.

Mambo ya kuzingatia

1. Mtoto mwenye homa na koo linalouma bila mafua wala kikohozi apelekwe zahanati mapema.
2. Dozi imalizwe yote, hata kama mtoto amepona.
3. Maungio yanayouma kwa kuhama pamoja na homa yachunguzwe hospitalini.
4. Anayechomwa sindano za kila mwezi asikose tarehe yake. Akihama kijiji, ahame na kadi yake.
5. Anayechoka au kukosa pumzi isivyo kawaida aombe kusikilizwa moyo, na ikibidi apewe rufaa kwenda kupigwa picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti.