SOMO LA SOKO: Jarida la muziki huuzwa kwanza na jalada

Jarida la muziki ni bidhaa inayouzwa mara mbili. Kwanza huuzwa kwa msomaji, kisha msomaji huyo huuzwa kwa mwenye tangazo. Kwa mantiki hiyo, mchapishaji asiyemjua msomaji wake hana cha kumwonyesha mwenye tangazo, hata kama nakala zake zimekwisha dukani. Wiki hii tunatazama soko la Uingereza, ambako majarida ya aina hii yalishindana vikali kwa miaka mingi.

Mfano mzuri ni kampuni ya EMAP, iliyomiliki majarida mawili ya muziki kwa wakati mmoja. La kwanza, Smash Hits, lilianzishwa mwaka 1978 na Nick Logan, aliyekuwa mhariri wa NME. Walengwa wake walikuwa vijana wa shule wenye fedha kidogo mfukoni. Rangi zilikuwa kali, habari fupi zenye utani, na ndani yalichapwa maneno ya nyimbo zilizokuwa zikivuma, pamoja na picha kubwa za kubandika ukutani. Mtu mzima angeona vurugu tupu. Lakini picha ile ya ukutani ni tangazo lisilolipiwa: binti akiibandika chumbani, kila rafiki anayemtembelea anaiona, naye anataka toleo lake. Aidha, jarida lilitoka kila baada ya wiki mbili kwa kuwa nyimbo za vijana hazikai sana.

Jarida la pili, Q, liliingia sokoni Oktoba 1986. Waanzilishi wake, David Hepworth na Mark Ellen, wote walikuwa wamewahi kuhariri Smash Hits. Waliona kuwa diski za CD zimeingia madukani, na kwamba watu wa makamo wenye mishahara wananunua upya albamu walizokuwa nazo kwenye santuri. Mnunuzi huyo hataki picha ya kubandika. Anataka kujua kipi kinastahili fedha yake. Kwa hiyo Q lilipewa karatasi ya kung'aa, mpangilio mtulivu, na uhakiki wa albamu uliopimwa kwa nyota. Jalada la kwanza lilikuwa na Paul McCartney, mtu wa miaka 44. Kijana wa miaka 14 asingeligusa, na hilo halikuwa hasara hata kidogo.

Hata jina lilikuwa hesabu. Herufi moja nyeupe ndani ya mraba mwekundu husomeka kwa mbali. Ikumbukwe kuwa kwenye rafu za duka majarida hupangwa yakifunikana, na mara nyingi kinachobaki wazi ni theluthi ya kushoto ya jalada. Msanifu anayeweka jina la msanii maarufu upande wa kulia anaweza kuwa ameificha bidhaa yake mwenyewe. Na nakala zisizouzwa hurudi kwa mchapishaji, ambaye karatasi na wino amekwisha kuvilipia.

Kerrang!, lililoanza mwaka 1981 kwa wapenzi wa muziki mzito wa roki, lilichukua jina kutokana na mlio wa gitaa la umeme, na herufi zake zimechorwa kama kioo kilichopasuka. Asiyependa kelele anajua mapema kuwa hapo si pake.

Isidhaniwe, hata hivyo, kuwa karatasi ya kung'aa ndiyo dawa ya kila soko. NME, lililoanzishwa mwaka 1952, lilichapwa kwa miongo mingi kwenye karatasi ya gazeti yenye kuchafua vidole, na wasomaji wake waliuchukulia uchafu ule kama ushahidi kwamba linasema kweli.

Lakini usanifu hauwezi kumzuia msomaji anayehamia kwenye intaneti. Smash Hits lilifungwa mwaka 2006, na Q mwaka 2020. NME lilianza kugawiwa bure Septemba 2015, nakala zipatazo 300,000 kwa wiki, wakati mauzo yake ya kulipia yalikuwa yameshuka chini ya 20,000. Tangu hapo jalada halikuwa na kazi ya kumtoa mtu fedha mfukoni, na gharama zote zikabaki mabegani mwa wenye matangazo. Machi 2018 toleo hilo la bure la kila wiki lilisitishwa.